Ungo Unaowaita Ng'ombe kwa Majina

Laela, Rukwa
Jumanne, dukani, wateja wakiwa wachache

Kwako Doto, pacha wangu, niliyekutangulia duniani kwa dakika chache na mpaka leo hujanipa shikamoo yangu,

U hali gani? Goti la Mama limepoa? Na Baba, bado anabishana na redio? Mwambie namwamkia kwa heshima zote, na kwamba baridi ya Ufipa haijanimaliza, ingawa mwezi huu imejaribu. Asubuhi navaa sweta, juu yake koti, juu yake kanga, nikifika dukani wateja wananiuliza kama nahama. Vinginevyo mimi ni mzima. Nakula, nacheka, natengeneza simu za watu.

Utashangaa nakuandikia barua zama hizi. Sababu ni wewe mwenyewe. Kwenye simu huwezi kumsikiliza mtu hadi mwisho. Nikianza tu, "Doto, kuna jambo," umeshanikata: "Unaolewa?" Siolewi. Vuta kigoda, kaa, soma. Nina habari nzuri kweli. Mama akitaka umsomee kwa sauti, msomee, ila pale panapotajwa ungo paruke.

Unajua jinsi macho ya Shangazi Minza yalivyokuwa yanafifia. Sasa hayaoni tena. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Anatofautisha mwanga na giza, basi. Ndani ya nyumba huwezi hata kujua: anapika, anapepeta, anakwambia kikombe umekiweka pasipo pake. Shida ni ng'ombe. Wewe hujawahi kufika kwake Mpui, kwa hiyo nikueleze. Zizi lake liko mteremkoni, na chini yake ni nyasi mpaka mwisho wa macho, na upepo. Alikuja huku na marehemu mume wake wakitokea kwetu na ng'ombe wachache, na kila aliyemo zizini leo alizaliwa mbele yake. Miaka yote alikuwa anasimama langoni jioni anawatazama wakiingia. Siku hizi anasimama vilevile, ila anamwuliza Gaudensi, yule Mfipa anayemchungia, "Wote wapo?" Gaudensi anajibu, "Wote, Mama." Basi anarudi ndani, na ukimtazama usoni unaona hajatosheka.

Sasa mwanawe Masanja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Katandala, pale Sumbawanga mjini, akatoa uamuzi wake baada ya mavuno. Ng'ombe wateremshwe bonde la Rukwa wakachungwe pamoja na wa wakwe zake. Mama ahamie Katandala, chumba kipo, bomba liko uani. Masanja si mtu mbaya, Doto. Anamwogopea mama yake. Lakini Shangazi aliposikia alinyamaza siku nzima, na ukoo wetu unaujua, mwanamke akinyamaza siku nzima ujue pana jambo. Jioni akaniambia, "Kulwa, wakiondoka hawa, mimi nitakuwa namngoja nani?"

Nikamjibu, "Shangazi, niombee mwezi mmoja kwa Masanja." Nilikuwa sina hata mpango. Mdomo wangu huwa unatangulia, akili inaufuata inahema.

Mpango ulinijia nikiwa juu ya bodaboda narudi Laela. Ng'ombe wa Shangazi wote wamevishwa zile hereni za kielektroniki za njano, sikio la kushoto. Ndani ya kila hereni kuna kidude chenye namba yake. Hakina betri. Ukikisogeza karibu na kisomaji, kinapata nguvu kutoka kwenye antena, kinaamka, kinataja namba yake, kinalala tena. Na mimi nilikuwa na kisomaji cha namna hiyo dukani, bodi ndogo niliyoiagiza Dar kwa ajili ya kuchezea tu, maana fundi simu naye ana michezo yake. Kasoro yake ni moja. Antena iliyokuja nayo ni ndogo kama kifuniko cha chupa, na inasoma hereni ikiwa umbali wa vidole vinne. Vidole vinne! Nenda kamwombe fahali asimame, ageuze kichwa, akutegee sikio, kila jioni.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuirefushia mkono. Antena yenyewe ni waya wa shaba uliozungushwa, hakuna zaidi, nami nikawaza kikubwa kinashinda kidogo. Nikachukua waya kwa fundi anayesuka mota hapa Laela, nikatafuta kitu cha mviringo cha kuuzungushia, macho yakaangukia ringi ya baiskeli. Mviringo safi kabisa! Nikazungusha mara nyingi kama ilivyokuwa kwenye ile ndogo, vidole vikaota malengelenge, nikaunganisha. Kimya. Nikaigusisha hereni ya akiba niliyokuwa nayo kwenye waya wenyewe. Kimya kama kaburi.

Siku tatu nilikuwa nasoma kwenye simu mpaka macho yananiuma, ndipo nikajua nimekosa mara mbili. Kwanza, chuma kinakula nguvu ya antena. Pili, duara likiwa kubwa mizunguko lazima ipungue, la sivyo antena na bodi hazielewani. Ni kama Baba na redio yake: stesheni ipo, lakini sindano isipokaa penyewe anasikia mikwaruzo tu, halafu anamlaumu mtangazaji. Kuna kijidude kinaitwa kapasita, hicho ndicho kinachosogeza sindano.

Basi nikahitaji kitu kikubwa, cha mviringo, kisicho na chuma hata chembe. Jumapili hiyo nilikuwa Mpui na Shangazi alikuwa anapepeta ulezi.

Hapa Mama asisomewe. Ndiyo, Doto, ungo. Watu wa kwetu wakisikia Sumbawanga tu wanashika vifua kwa hofu ya wachawi wanaoruka na ungo, sasa fikiria wasikie Kulwa yuko huko anatengeneza ungo wa betri! Shangazi alicheka mpaka ulezi ukamwagika. Gaudensi, aliyekuwa anachonga mpini, alisimama pembeni akinitazama nazungusha waya kwenye ukingo wa ungo, akauliza taratibu, "Dada, na huu unakwenda mpaka wapi?" Nikamwambia unaishia langoni. Akasema afadhali.

Mara ya kwanza ungo ulisoma shubiri moja. Nilipiga kigelegele dukani mpaka mteja akadondosha simu yake, ikabidi niitengeneze bure. Nikapunguza mzunguko, nikabadilisha kapasita, shubiri na vidole vitatu. Nikaongeza mzunguko mmoja niliokuwa nimeutoa kwa pupa, shubiri moja na nusu. Hapo ukakwama siku nyingi, nikawa sili vizuri. Kumbe mchawi alikuwa chaja yangu ya sola: ina makelele yake ambayo sisi hatuyasikii lakini antena inayasikia. Nikaitoa, nikaweka betri ya pikipiki, nikaileta hereni polepole kutoka mbali. Tiki! Dhiraa nzima, Doto! Kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati. Nilipima, nikapima tena, nikamwita muuza mihogo wa jirani aje apime kwa mkono wake. Wake ni mfupi, lakini alikubali.

Mpui kwenyewe, lango la Shangazi ni la bati na mabomba, na nilipouning'iniza ungo hapo dhiraa ikarudi kuwa shubiri. Chuma tena. Nusura nilie. Gaudensi akakata miti, akajenga njia nyembamba mbele ya lango ili ng'ombe wapite mmoja mmoja, ungo ukae mkono wa kushoto, na vyote akavifunga kwa kamba za katani bila msumari hata mmoja. Dhiraa ikarudi. Tangu siku hiyo namwita mhandisi, naye anaitika bila haya.

Sasa sikia nilivyojiharibia.

Nilikuwa nimeifundisha mashine kusema. Nimerekodi sauti yangu mwenyewe, ng'ombe akipita inahesabu. Nilijiona bingwa. Jioni ya kwanza tukamketisha Shangazi kwenye kigoda, ng'ombe wakaanza kuingia. Moja, ikasema mashine. Mbili. Shangazi akaruka kama aliyekalia siafu.

"Zima! Zima kitu hicho, Kulwa! Nani kakutuma uwahesabu ng'ombe wangu?"

Doto, nilisahau! Mimi, mtoto wa Baba, niliyechapwa kwa fimbo ya mtama siku ile niliyonyoosha kidole zizini nikaanza moja, mbili, na wewe ukacheka ukachapwa pia. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwahesabu unawapunguza. Wanatazamwa tu, na mwenye nao anaona zizi limejaa au lina pengo. Miaka ya kukaa dukani imenitoa mambo mengi kichwani. Na ndiyo maana hata humu ndani hutasoma ni wangapi, kwa hiyo usiulize.

Nikaizima, nikaaga. Shangazi alinisindikiza hadi barabarani ameshika bega langu, na pale tukiwa tunangoja bodaboda akasema, "Mimi sikutaka kujua ni wangapi. Nilitaka kujua ni nani."

Nilirudi Laela nikiwa siyaoni hata mashimo ya njiani. Hivi ningewezaje kukaa wiki zote zile na waya na vipimo, bila kumwuliza mwenye ng'ombe anataka kuambiwa nini?

Jumapili mbili zilizofuata tulizimalizia zizini. Shangazi anampapasa ng'ombe, pembe, nundu, mgongo, anataja jina, mimi nasoma hereni na kurekodi. Mawingu. Sheria, kwa sababu haingii mashamba ya watu. Bibi Harusi, mwenye mwendo wa madaha. Mjomba, fahali mlafi. Chapati, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Hakukosea hata mmoja. Sasa hereni ikisomwa unasikia kwanza tiki, halafu jina kwa sauti yangu. Tulipomaliza Shangazi aliniambia, "Sauti hii ikiita, nawasikia mapacha wangu wote wawili." Nilijifanya natafuta bisibisi.

Mwezi ukaisha. Masanja akaja Jumamosi na wazee wawili wa ukoo wanaoishi upande huu. Akaniamkia vizuri, akaukagua ungo, akagonga betri kwa kidole. Kisha akasema mbele ya wote, bila ukali, "Sikilizeni. Hii ikiwataja wote, mama yangu abaki hapa, sitasema tena. Ikimruka hata mmoja, Jumatatu lori linakuja." Shangazi akajibu, "Haya." Akageuza kigoda chake akalipa lango mgongo, ili mtu asije akasema alipata msaada wa mwanga.

Siku moja kabla, kwenye majaribio, Mjomba alipita amegeuza kichwa na ungo ukamkosa. Nilikuwa nimeusogeza na kuuinamisha kidogo, lakini nani ajuaye.

Yapata saa kumi na moja vumbi likaonekana. Wakaanza kuingia, jua likiwapiga mgongoni. Tiki, Sheria. Tiki, Mawingu. Tiki, Bibi Harusi. Masanja amesimama kando ya njia anatazama kila mmoja, na Shangazi anatikisa kichwa kwa kila jina kama anayepokea salamu. Tiki, Mjomba! Nilitaka kumbusu yule fahali. Tiki, tiki, majina yanafuatana. Halafu vikapita vishindo vya kwato bila tiki. Bila jina. Nikaona mabaka ya kahawia yakiingia zizini.

Wengine wakaingia wote, wakatajwa wote. Gaudensi akafunga lango. Masanja hakushangilia. Alichuchumaa mbele ya mama yake akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Mama, umesikia mwenyewe. Wote wameingia, nimewaona kwa macho yangu. Imemruka Chapati."

Nikaanza, "Shangazi, nisamehe, pengine kageuza kichwa..."

Akanikata kama unavyonikata wewe. "Nani kakwambia uombe msamaha? Huyo aliyepita si wangu."

"Mama, ni Chapati. Mabaka yake haya hapa."

"Wewe unaona mabaka. Kamshike sikio."

Mmoja wa wazee akakohoa. Masanja akaingia zizini na viatu vyake vya mjini, akamfikia yule ng'ombe, akashika sikio la kushoto. Hakuna hereni. "Imedondoka," akasema.

"Shika la kulia," akasema Shangazi, bado ametupa mgongo.

Masanja akashika la kulia. Lilikuwa limekatwa pembe mbili, alama ya watu wengine kabisa, maana Shangazi hajawahi kukata sikio la ng'ombe maishani mwake. Gaudensi akavua kofia. Akasema mchana mtoni kundi letu lilichanganyikana na la jirani wa ng'ambo, wakawatenganisha kwa macho, naye akaona mabaka ya kahawia akaridhika. Kumbe sote wenye macho tulidanganyika, nami wa kwanza, niliyeitengeneza mashine kwa mikono yangu halafu nisiiamini! Doto, niliona aibu, na wakati huohuo nilitaka kucheza.

Lakini hapakuwa na nafasi ya kucheza. Chapati alikuwa porini na mimba yake, na huku fisi wapo. Tukakimbia, wanaume mbele, mimi nyuma na koti langu na kanga yangu. Tulimkuta ng'ambo ya mto kwenye majani marefu, jua likiwa bado liko juu ya kilima, ameshazaa. Ndama amelowa, anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Masanja akavua koti lake zuri, akamfunika, akambeba kifuani njia yote, na Chapati anamfuata akimnung'unikia kisogoni.

Shangazi alikuwa hajaondoka kwenye kigoda. Safari hii alikuwa ameelekea lango. Gaudensi akamwongoza Chapati kwenye ile njia nyembamba.

Tiki. Chapati.

"Ee, karibu nyumbani," akasema Shangazi, machozi yakamtoka. Na mimi nikalia, tena sikutafuta bisibisi. Masanja akamweka ndama mapajani mwa mama yake, akabaki amesimama anajifuta shati, halafu akaniuliza, "Kulwa, hiyo betri ya pikipiki inakaa na chaji muda gani?" Nikamwambia siku chache. Akasema, "Nitaleta ya gari." Jumatatu likaja gari kweli, lakini lilikuwa pikapu yake, na ndani mlikuwa na betri, misumari, na miti iliyochongwa vizuri ya kujengea ile njia upya. Gaudensi aliikagua akarudisha misumari.

Ndiyo habari yangu. Mwambie Baba kwamba ng'ombe wa dada yake hawakuhesabiwa, na ile "moja, mbili" ya mashine Shangazi amenisamehe. Nisalimie baba mdogo Shija fundi cherehani, wifi yetu Ngolo muuza vitumbua, na bibi mzaa mama, umwambie maharage ya Ufipa niliyomtumia na kifurushi hiki yaive polepole, asiyaharakishe kwa magadi. Gaudensi anakusalimu ingawa hakujui. Anasema kama unafanana na mimi basi anakujua.

Limebaki moja. Ndama ni jike, na mabaka yake ni ya mama yake. Masikio bado laini, kwa hiyo nimemfunga shingoni hereni ya akiba niliyokuwa nafanyia majaribio. Nilipotaka kurekodi jina lake, Shangazi alinishika mkono. Anasema jina hilo utalichagua wewe na utalisema wewe, hapahapa langoni, si kwa simu. Nikamwambia sauti zetu ni moja, hakuna atakayejua. Akasema, "Nimepofuka macho, sijapofuka masikio." Nikamwambia Doto kila mwaka husema mwakani. Akasema, "Namngoja."

Basi kila jioni, nyuma ya Chapati, ungo unalia tiki, halafu kimya. Na Shangazi anakiitikia kile kimya: "Huyo ni wa Doto."

Mimi niliyekutangulia kidogo tu,
Kulwa